Mlango wa Bluu

Malori yalimwaga jalalani hapo vifusi vya jiji zima, na Mbaruku alivichambua peke yake: nondo upande huu, matofali kule, milango akiiegemeza kwenye kibanda chake. Waliokuja waliuliza bei, salamu hawana.

Bi Tausi hakuuliza bei. Aliigusa milango mmoja mmoja mpaka akafika kwenye ule wa bluu, uliong'olewa pamoja na fremu yake.

"Huu ulikuwa wangu," alisema. "Barabara imepita sebuleni."

"Chukua, mama. Sikuuzii."

"Niupeleke wapi, mwanangu, nami nimehifadhiwa kwa watu? Nisimamishie tu, nibishe hodi. Marehemu mume wangu hakuacha kuniitikia hata siku moja."

Mbaruku akauinua, akaukaza kwa matofali, akaufunga. Mlango ukasimama katikati ya vifusi bila nyumba. Bi Tausi akazunguka upande wa pili, akavua kandambili, akagonga.

"Hodi."

Nafasi ya kuitikia haikuwa ya Mbaruku.

"Hodi," mama alirudia, sauti ikipungua.

Mgeni hubisha mara tatu, asipojibiwa, huondoka. Mbaruku aliitazama mikono yake iliyojaa vumbi la saruji. Tangu aanze kuishi pale, hakuna aliyewahi kubisha hodi.

"Hodi," ikaja ya tatu, nyembamba kabisa.

Akajifuta mikono kwenye suruali, akashika kitasa.