Fundi wa Baiskeli

Muthama alikuwa amelala chali chini ya lori la Mwangangi, na nusu ya soko la Kathonzweni ilikuwa imesimama pale kumdharau.

Walikuwa na sababu. Juu ya lori walifungwa ng'ombe saba. Mwaka huo wa 1938 amri ilikuwa imetoka kwamba mifugo ya Wakamba imezidi, ipunguzwe. Hao saba wangepelekwa kwenye reli, na kutoka huko wakachinjwe. Likiondoka lori, basi tena. Na mtu pekee pale aliyejua vyuma, mtoto wao wenyewe, alikuwa akilitumikia lori hilo kama punda: jana aliliosha, leo analikagua.

Mbinya, mjane ambaye ng'ombe wake pekee wa maziwa alikuwa mle garini, alitema mate karibu na miguu iliyochomoza chini ya lori.

"Ndolo baba yako alizaa kibaraka," alisema. Akachukua kibuyu chake, akaondoka na wanawake wenzake kwenda mtoni kuchimba maji mchangani.

Muthama alitoka akijikung'uta vumbi. "Bwana dereva, kanyaga breki. Usipigepige. Kanyaga mara moja tu, halafu shikilia."

Mwangangi alikanyaga. Huyu alijifunzia gari Nairobi, akarudi na kofia ya ngozi na tabia ya kusema na watu wa kwao kwa Kiswahili cha wazungu, utadhani mama yake hakuwahi kumwimbia kwa Kikamba. Pedali ilishika kidogo, kisha ikaanza kuzama taratibu chini ya kiatu chake mpaka ikagusa sakafu.

"Sasa pigapiga."

Alipigapiga, pedali ikawa ngumu. "Ona? Breki iko mzuri."

"Si nzuri. Magurudumu yote makavu, mirija mikavu, na mafuta ya breki hayajapungua. Basi hayavuji nje. Yanarudi humo humo ndani ya silinda kubwa. Mle mna kipira cha kusukuma mafuta, na hicho kimekwisha. Ni kama pampu ya baiskeli. Kile kingozi cha ndani kikichakaa, unasukuma na upepo unakurudia."

Pampu ya baiskeli! Mwangangi alimtazama askari aliyeketi kando yake, wakaangua kicheko mpaka askari akajifuta machozi.

"Wewe fundi ya baiskeli," Mwangangi alisema. "Hapana fundi ya gari."

"Nakuomba, na watu hawa wote wanisikie." Muthama alipaza sauti, mikono ameikunja kifuani kama mtoto wa shule. "Breki yako ya mkono ilikatika waya zamani. Pita Matiliku kama siku zote. Ni mbali, lakini ni tambarare. Ule mteremko wa mtoni achana nao. Huuwezi."

"Sikieni anavyomwonea huruma!" alisema mzee Mutie, na watu wakaguna kwa kuchukizwa.

Mwangangi hakuwa amefikiria kabisa kupita mteremko ule. Hakuwahi kuushuka akiwa na mzigo. Lakini kuambiwa huwezi, mbele ya soko zima, na mtu mwenye grisi ya cheni kwenye kucha?

"Mimi hapana weza?" Akawasha lori, akageuza, akaelekea mtoni huku akipiga honi.

Katikati ya mteremko alikanyaga breki, ikashika. Akaishikilia, ikazama. Akavuta gia, gia ikakataa kurudi. Lori likateremka lenyewe hadi chini na kuingia katika mto mkavu, mchanga ukameza magurudumu, likasimama. Hakufa mtu. Askari aliota nundu kwenye paji la uso. Mwangangi, bila kofia, alikaa mchangani akipiga mayowe, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Nairobi yalimtoka kwa Kikamba safi.

Wanawake waliokuwa wakichota maji ndio waliofika kwanza. Walifungua mlango wa nyuma, kwa kuwahurumia wanyama, ndivyo walivyomweleza askari. Ng'ombe wakapanda ukingo na kuingia vichakani, kila mmoja akielekea kwao. Waliposakwa baadaye, hakuna aliyewahi kuwaona.

Bwana mkubwa, yule mzungu wa serikali, alikuja kuuliza. Watu arobaini waliapa kwamba dereva alionywa, hata mzee Mutie, ingawa kulitaja jina la Muthama kulimkera. Silinda ikafunguliwa, kipira kilikuwa kimechakaa vile vile fundi alivyosema. Mwangangi akafukuzwa kazi, na bwana mkubwa akampa Muthama mkono.

Baada ya hapo soko lilimchukia Muthama maradufu.

Siku ya nne, jua likielekea kuzama, Mbinya aliingia kwenye kibanda cha fundi na kibuyu cha maziwa ya moto. Alichungulia nyuma kwanza kama kuna mtu.

"Siku ile mate yangu yalikupata?"

"Mguuni, mama. Lakini waliamini." Muthama alikunywa, akafuta midomo, kisha akatoa kitambaa mfukoni na kukifungua. Ndani mlikuwa na kipira cha breki, kipya, hakina hata mkwaruzo. "Hiki ndicho nilichokitoa siku ya kuosha, nikatia kilichochakaa."

Mbinya alikichukua, akakigeuza kiganjani. "Na kama angekusikia, akapita Matiliku?"

"Mwangangi?" Muthama alisonya. "Amsikie fundi wa baiskeli?"