Ganda Laini

Yai la tatu lilimpasukia mkononi, kama la jana. Ganda lilikuwa laini, likabonyea tu, na ute ukamchuruzikia hadi kwenye suruali. Seremala mstaafu alisonya, akalitupa.

Kuku walikuwa wa mkewe. Mtaa mzima ulimwita Mama Kuku. Mwezi uliopita aliteleza kizingitini akavunjika nyonga, na tangu alazwe kitandani, mayai nayo yakaanza kulegea.

Seremala alifanya kila alilolijua. Alidhani ubao wa viota ni mgumu, akaung'oa, akaunda vipya na kuvitandikia maranda. Pumba, majani, maji safi, vyote aliwapa kwa kipimo alichoelekezwa. Wapi! Maji yalikuwa yamezidi unga.

Kilichomuuma zaidi ni kiapo chake cha zamani. Miaka miwili nyuma mayai yalilegea hivihivi, naye akafoka, "Wasipojirekebisha wiki hii, nawachinja wote!" Mkewe alilia sana. Wiki haikuisha, mayai yakawa magumu kama kokoto. Akatamba mtaani kwamba hata kuku wanamwogopa.

"Leo yamekuwaje, mzee wangu?" mkewe aliuliza alipomwona mlangoni.

"Mazima."

"Mwongo wewe. Na hiyo suruali?"

Seremala akaifuta suruali kwa kiganja. Akammiminia maji, akampa kidonge cheupe cha mifupa. Siku hizi alimpa kwa mkono wake, akasimama palepale mpaka ameze. Daktari alikuwa ameshangaa: miaka miwili ya vidonge, mbona mifupa ni myepesi vile? Seremala alimwapia kwamba mkewe hakuruka hata siku moja. Chupa tupu alizitupa mwenyewe.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakimlenga.

"Mke wangu, nimeshindwa. Hawa kuku watanifia mikononi, na wewe utakufa kwa kihoro. Ulikuwa unawapa nini ambacho mimi siwapi?"

Mama Kuku aligeukia ukutani. Kisha akatema kitu kiganjani, akakifuta kwa shuka, akamnyooshea. Kilikuwa kidonge cha asubuhi ile.

"Kiponde, uwachanganyie kwenye pumba," akasema. "Tena kimoja hakiwatoshi. Mimi nilikuwa nawapa vyote."