Mwendo wa Wanywa Maji

Ukitaka kutambulika upesi Karlovy Vary, kimbia. Hapa watu wote hutembea polepole, kikombe mkononi, wakifyonza maji moto ya chemchemi kupitia mkono wa kikombe, wenye tundu kama mrija. Kwa hiyo Jitka hakukimbia. Alijichanganya na wageni walioinua vichwa kutazama sanamu zilizo juu ya nguzo, akafyonza maji yake ya chumvichumvi, meno yakigonga kikombe.

Mumewe, Ludvík, alikuwa upande wa pili wa nguzo, akichungulia nyuso za wanawake mmoja mmoja.

Amemfuataje hadi huku? Jitka aliuchagua mji huu kwa sababu Ludvík alizaliwa hapa na aliapa, tena akiwa hajalewa, kwamba hatakanyaga tena. Alidai wazazi wake walishazikwa wote, basi, hakutaka maswali. Mara ya mwisho Jitka alipotoroka, Ludvík alimvunja mkono. Akirudia, alimwambia, atamzika. Na kwa ahadi za namna hiyo Ludvík si mwongo.

Wageni wakaondoka kwenda kwenye chemchemi nyingine. Jitka akabaki peke yake mahali peupe, roho mkononi.

"We binti, ingia huku."

Kwenye mlango wa jengo la zamani la mabafu alisimama bibi mmoja wa koti jeupe, mhudumu, taulo begani. Hakuuliza jina wala shida. Alimvuta ndani, wakapita kuta za vigae vya kijani na mabomba ya shaba, akamsukuma katika chumba cha mwisho.

"Kaa kimya. Huyo niachie mimi."

Ufunguo ukazungushwa kwa nje. Jitka akachutama nyuma ya beseni, kiganja mdomoni. Sasa ndipo lilipomjia: amejifungisha mwenyewe, na ufunguo anao mtu asiyemjua hata jina.

Nyayo zikaja, zikasimama. Ikafuata sauti anayoijua vizuri, ya upole ule unaotangulia kipigo.

"Mama, hata salamu hunipi? Miaka yote hii? Haya, mkaza mwana wako yuko wapi? Nimemwona akija upande huu."

Nje ya mlango, funguo zikalia mkononi mwa bibi.

"Kila nilipojificha nisipigwe, wewe ndiye uliyemwonyesha baba yako nilipo," bibi alimjibu mwanawe. "Mimi sijamwona mtu."