Baiti Moja Moja

"Kaka yangu alijifunza Kichina lini?" shangazi aliuliza, akiikodolea macho barua aliyoachiwa na marehemu kwenye kompyuta.

Mpwa wake, mtunga programu, alishaliona kosa. Mashine ilikuwa ikizishika baiti, vile vipande vidogo vinavyohifadhi maandishi, mbili mbili na kuzifanya herufi moja ya Kichina. Ilitosha kuiamuru isome moja moja. Akapeleka kidole kwenye kitufe.

Shangazi akamdaka mkono.

"Ngoja, mwanangu. Mimi na baba yako tulinuniana miaka tisa, mpaka akazikwa. Kama ni laana, niachie Kichina changu."

"Baiti ni zilezile alizoziacha, shangazi. Kutozisoma hakuzifuti."

Vidole vikalegea, kimoja kimoja. "Basi soma wewe kwanza."

Akabonyeza. Shangazi hakuitazama skrini. Aliutazama uso wa mpwa wake, mpaka kijana alipoinuka akampisha kiti asome mwenyewe.