Vifungo vya Joho

Mchungaji, mume wangu, alikohoa nikimfunga kifungo cha shingoni. Ng'ambo ya mlango, waumini walishaanza wimbo wa kumkaribisha.

"Vumbi tu hili, mama."

Wiki nzima alikuwa akitoka mazishi haya kwenda yale. Na ni yeye mwenyewe aliyetangaza mimbarani kwamba anayekohoa abaki nyumbani, Mungu atamfuata huko huko.

Nikaanza kuvifungua vifungo, kimoja kimoja. Hakunizuia. Aliketi kitini kama mzigo ulioshushwa.

"Basi kawaambie wewe."

Wimbo ulikuwa unarudiwa. Nikashika kitasa, kifua kikaniwasha. Nilibana midomo mpaka machozi yakanilengalenga, kisha nikakohoa.

Nyuma yangu kiti kililia.

"Na wewe ni vumbi?" aliuliza.