Jina la Mtoto wa Siku Nane

Siku hizo jina la marehemu lilidumu kwenye kitabu cha kurasa za kioo kanisani maadamu kulikuwa na ndugu aliye hai mwenye jina hilohilo. Likikosa mtu, maandishi yalififia yenyewe na kaburi likasawazishwa.

Mkamburi alitoka Voi hadi kanisa la kijiji kimoja cha Uingereza kumtafuta baba wa babu yake, Tomasi Harrow. Alimkuta ameandikwa kwa weusi uliokolea, kwani kwao kila kizazi kilikuwa na Tomasi wake. Lakini kwenye mstari wa chini yake, jina la Alisi, dada yake Tomasi, lilikuwa limebaki kivuli tu.

"Huyo anaondoka leo," alisema mzee Pym, mtunza kitabu, kwa upole. "Alikufa ana siku nane. Nani angemrithi?"

Mkamburi akaliwekea jina kiganja, kama anayemkinga mtoto na baridi. Kisha akampigia simu binti yake Wakesho, aliyejifungua wiki moja iliyopita. Kichanga kilisikika kikilia.

"Mwite Alisi, mwanangu."

"Ni jina zuri, mama." Wakesho akasita. Kwao mtoto hapewi jina la aliyekufa mchanga, asije akarithi na siku zake. "Huyo Alisi aliishi sana?"

Mkamburi alitazama kaburi dogo nje ya dirisha, lisilozidi urefu wa mkono.

"Alizeeka. Alizikwa na mvi zake."

"Basi ndiye Alisi wetu."

Chini ya kiganja, maandishi yakaanza kukolea. Kule Voi, kilio cha mtoto kikakatika ghafla.