Kitambaa cha Langoni

Kitambaa kilikuwa kimelowa jasho kiganjani kabla hata mama hajafika kwenye lango la kituo cha watoto. Kitenge cha njano, maua ya bluu. Akakikunjua, akakitazama, akakikunja tena. Leo harudi nyumbani mikono mitupu.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale. Mama anachana kitambaa vipande viwili: kimoja kinashonwa kwenye mkoba wa mtoto, kingine anabaki nacho. Bila kitambaa hupewi mtoto, hata ulie machozi ya damu. Zamani alikuwepo mzee wa lango, akivikutanisha vipande mchano kwa mchano, kama mtu anayeunga kigae kilichovunjika. Kisha serikali ikapunguza fungu la vituo vya watoto. Mzee akaambiwa akapumzike. Mwalimu wa pili naye akaondoka, maana mshahara wake ulibaki wa kusikia redioni. Akabaki mwalimu mmoja, na watoto kama siafu.

Mtaani kwa mama huyu kituo hakikupunguziwa, kilifungwa kabisa. Wakubwa walisema kulea mtoto mdogo ni kazi ya mama yake. Na mama yake ana kibarua, afanyeje? Akawa anamfungia mtoto ndani, kufuli mlangoni, jiko akiliacha lipoe lenyewe. Mpaka leo akinusa moshi, hupapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Alijiapia: hamwachi tena peke yake, heri njaa.

"Hodi, mwalimu."

Mwalimu hakuinua uso. Alikuwa akimfuta mmoja kamasi, mwingine kamng'ang'ania gauni, na wa tatu analia kwa sababu mwenzake analia.

"Leo umetuwahi, mama," akasema. "Si wewe ndiye wa mwisho kila siku? Nilishataka nikutandikie mkeka ulale hapa hapa."

"Bosi katutoa mapema."

"Afadhali. Mkoba ule pale."

Mwalimu akakitupia jicho kitambaa. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, ukingo umenyooka kama rula. Njano kwa njano. Akamsogeza mtoto mbele kwa kumgusa mgongoni, akageukia wengine.

Nje, mama akachuchumaa, akatoa viatu vidogo alivyokuja navyo. Vikakataa kuingia.

"Umekua, mwanangu," akanong'ona. Akavirudisha mfukoni, akampa biskuti. Mtoto alikuwa na usingizi. Akamtazama tu, akatafuna.

Akambeba begani, akamfunika kichwa kwa khanga upepo usimpige, akakaza mwendo. Kitanda kidogo alikuwa amekitandika tangu asubuhi, shuka akalinyoosha kwa kiganja mpaka halina hata kunjo. Muda mrefu hakuna aliyekilalia.

Kwenye kona ya kiwanda, mwanamke mwenye aproni akawapita mbio, akielekea kituoni. Mkono mmoja ndala, mkono wa pili kitenge cha njano chenye maua ya bluu, ukingoni nyuzi nyuzi.

Mtoto akaitoa khanga kichwani, akanyoosha mkono nyuma.

"Mama," akaita, kwa mara ya kwanza jioni ile.

Lori likapiga honi, na mwanamke mwenye aproni hakugeuka.